Chai ya maziwa ndani ya Massey Ferguson

Trekta aliloacha marehemu baba ni Massey Ferguson 135, lile la injini ya mitungi mitatu, na limenizidi umri. Mwaka juzi, msimu wa kulima ukiwa ndiyo kwanza umeanza hapa Dakawa, lilianza ugonjwa wa mikono, ile ya nyuma inayonyanyua plau. Ukinyanyua plau inapanda hadi nusu, inatikisika kama mzee anayesinzia kwenye mahubiri, halafu inashuka yenyewe. Ukifika mwisho wa shamba kugeuza, sahani bado zinaburuza udongo. Mwenye shamba anaona, na ndiye anayekulipa kwa eka.

Fundi wa mjini alikuja, akaegemea tairi, hakushika hata spana. Pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili kunyanyua mikono, imekufa, akasema, trekta lipasuliwe katikati, laki nane, vipuri juu yangu.

Kabla sijaanza kukopa nikamwita jirani, mzee aliyeendesha matrekta miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge kule Kilosa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Liva ya PTO, ile shafti ya nyuma ya kuzungushia zana, umeiingiza?"

Swali la maana kuliko linavyosikika. Kwenye baadhi ya matrekta ya zamani, liva hiyo ikiwa imetoka pampu haizunguki, na mikono haipandi hata ukipiga dua. Yangu ilikuwa imeingia. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, upande wa kulia, akakipangusa kwa kidole na kunionyesha. Rangi ya chai ya maziwa kabisa.

"Mjukuu wangu, pampu yako inakunywa maji. Hata wewe ungetetemeka."

Trekta hili halina tangi la pekee la haidroliki. Oili ni moja: inalainisha gia, inalainisha difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, na pampu yenyewe imekaa humo humo ndani imezama. Maji yakiingia yamewaingilia wote.

Hapo nikafanya haraka ya kijinga. Nikanunua dumu moja la lita 20, oili ya matrekta ile ya gia na haidroliki pamoja, nikafungua boliti niliyoiona chini, ikamwagika, nikajaza. Siku mbili ikawa chai tena. Mzee alicheka hadi akakaa chini. Kumbe hili letu lina boliti tatu za kumwagia, moja chini ya gia boksi, moja katikati, moja chini ya difu, na mimi nilifungua moja. Oili chafu iliyobaki kwenye vyumba vingine ikachafua mpya. Dumu zima likawa limekwenda bure.

Mara ya pili tukafuata yake. Trekta lililala usiku kucha mahali pa tambarare bila kuguswa, mikono imeshushwa chini. Asubuhi alilegeza boliti ya katikati polepole, bila kuitoa. Yakatoka maji kwanza, meusimeusi, karibu nusu kopo la rangi, ndipo oili ikafuata, akaikaza tena. Baada ya hapo tuliwasha injini ipate joto, maana oili ya baridi inashika kwenye kuta, tukazima na kufungua zote tatu. Tukaiacha oili idondoke mpaka jioni.

Tulifungua na kifuniko cha ubavuni. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko nikachomoa chujio la wavu la pampu. Lilikuwa limevaa koti: nyuzi za tambara, vipande vya gaskiti ya zamani, na ute wa kijivu kama uji wa ulezi. Nililiosha kwa dizeli na brashi ya meno mara tatu. Kumimina dizeli ndani na kuwasha injini ili "kusafisha", kama wanavyofanya wengi, mzee alikataa katakata, kwa sababu gia na pampu zingesagana bila ulainisho.

Gaskiti mpya, boliti zikakazwa, ikaingia oili karibu lita 30. Tukawasha, tukapandisha na kushusha mikono bila mzigo kama mara kumi ili hewa itoke, tukaishusha na kupima tena. Ilitaka lita mbili zaidi. Ukipima mikono ikiwa juu kijiti kinakudanganya, kuna oili imebaki kwenye silinda inayonyanyua mikono.

Maji yaliingilia wapi? Ule mpira wa chini ya liva ya gia ulikuwa umepasuka, na trekta linalala nje masika nzima. Nimeukatia tyubu ya pikipiki na kuufunga kwa waya, na juu ya kiti naegesha turubai.

Majirani waligombea oili chafu ya kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Plau sasa inapanda mpaka mwisho na haitikisiki. Ila nikizima injini ikiwa juu, asubuhi naikuta imelala chini. Mzee anasema hizo ni ringi za silinda, na hizo tutazifungua tukishavuna.