Nilivyopewa Gill Sans, neno Ilala likaniokoa

Semesta iliyopita madam wetu wa taipografia, lile somo la sura na mpangilio wa herufi, aliingia darasani na kopo tupu la Blue Band limejaa vikaratasi, akatupitishia kama tunacheza upatu, kila mtu achomoe kimoja, fonti utakayoikuta humo ndo unaishi nayo wiki sita. Mwisho wa wiki sita ulete bango moja la A2 linaloonyesha hiyo fonti ina tabia gani na inafaa kazi gani, halafu usimame mbele uitetee.

Mi moyoni naomba nipate kitu chenye swaga. Jirani yangu kachomoa Cooper Black, ile nene ya mviringo aliyoichora Oswald Cooper kule Chicago mwaka 1922, akaanza kuchekelea palepale maana ile hata ukiandika "maandazi" tu kazi imeisha, unaona kabisa yameumuka. Mwingine kapata Comic Sans, ile ya kikatuni ambayo watu huifanyia utani, darasa zima likaangua kicheko. Nikafungua changu: Gill Sans. Nikakaa kimya. Yaani hata kuichukia sikuweza, ni ile fonti unaikuta imo tu kwenye kompyuta yenye Office, hakuna anayeichagua na hakuna anayeifuta.

Wiki ya kwanza nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya, nikaingia mtandaoni nikakusanya historia. Kwamba Edward Johnston alichora herufi za treni za chini ya ardhi za London mwaka 1916, kwamba Eric Gill alikuwa mwanafunzi wake, mchonga mawe, kwamba 1928 kampuni ya Monotype ikatoa Gill Sans, baadaye shirika la reli la LNER likaichukua na vitabu vya Penguin vikaivaa kwenye majalada kuanzia 1935. Nikazipanga A mpaka Z kubwa na ndogo, chini nikaweka ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha wa kahawia anayemruka mbwa mvivu, si unaijua, ile yenye herufi zote 26. Nikaona nimemaliza.

Madam akaliangalia kama sekunde kumi hivi.

"Huyu mbweha wako hapa Dar anatafuta nini?"

Watu wakacheka. Akaendelea, "Q na X naona umezionyesha vizuri kweli, haya niambie mara ya mwisho kuandika Q kwenye Kiswahili ilikuwa lini." Sikuwa na jibu. Akanirudishia karatasi yangu akasema kaisemeshe Kiswahili kwanza, ndo uje unieleze tabia yake.

Siku hiyo nilichukia, siwezi kudanganya. Nakaa Tabata kwa mama mdogo, na kwenye daladala tukakwama foleni ya Buguruni karibu saa nzima, nimesimama, kwapa la mtu liko usoni, cha kuangalia hamna isipokuwa maandishi ya magari mengine. Ndo nikaanza kusoma tu. Segerea, Gongo la Mboto, Mbagala, Kigogo. Nikajiambia si hiki hapa Kiswahili chenyewe, tena kile ambacho mtu asipokisoma vizuri anapotea kweli, anashushwa sehemu siyo usiku.

Nilivyofika home nikafungua laptopu nikaanza kutaipu majina ya vituo kwa Gill Sans, makubwa, neno moja ukurasa mzima. Na hapo kwa mara ya kwanza nikaiona. Mwananyamala ina herufi 12 na tano kati yake ni a, kwa hiyo sura ya a ndo sura ya neno zima, na a ya Gill Sans ni ile ya vitabuni yenye kitumbo chini na kofia juu, siyo ile ya duara na kijiti tunayofundishwa chekechea. Ukiangalia neno kwa mbali unaona vitumbo vitano vimepanga foleni. Kigogo ndo ikanichekesha, maana g yake ndogo ni ya ghorofa mbili, imekaa kama miwani iliyosimama wima, sasa Kigogo inakuwa imevaa miwani mbili. Fonti inayoonekana ya kiofisi ofisi kumbe ina kautani kake kwa ndani.

Halafu nikaandika Ilala.

Nikadhani nimekosea kutaipu. Nikafuta, nikaandika tena. I kubwa ni kijiti, l ndogo ni kijiti, hakuna tofauti ya maana. Nikajaribu namba moja, nayo kijiti! Nikamwita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko darasa la tatu, nikamwambia soma hapa. Akasoma, "Lala." Nikamwambia soma vizuri. "Lala, ila dada umeiandika L mara mbili." Mtoto anaijua Ilala, shangazi yake anakaa huko, na bado kasoma lala.

Nikabadilisha fonti kuona kama shida ni neno au ni Gill. Arial, hivyohivyo. Times New Roman, ile ya gazeti la The Times la London ya mwaka 1932, haina shida, I ina visigino, vile vijiti vidogo vya kwenye ncha za herufi, juu na chini pande zote. Verdana ndo ilinishangaza maana nayo ni fonti plain isiyo na visigino, lakini Matthew Carter alipoichora kwa ajili ya skrini za kompyuta (ilitoka 1996) akaipa I kubwa peke yake vijiti viwili, juu na chini. Yaani kuna mtu aliliona tatizo la Ilala bila kufika Ilala. Nikazibandika zote nne ukutani kwenye korido, mdogo wangu akawa anarudi nyuma hatua moja moja huku anasoma kwa sauti mpaka mama mdogo akatufokea.

Nikasema basi nitaandika kwa herufi kubwa zote, ILALA, si ndo daladala zinavyofanya. Hapo I na L hazifanani tena. Ila likaja lingine, hebu liandike mwenyewe uone. Kati ya L na A kunabaki uwazi kama geti, kwa sababu L iko wazi kulia juu na A imelala upande huohuo, na kwa ILALA inatokea mara mbili. Neno linasomeka kama mtu anakata pumzi, IL... AL... A. Sasa fikiria Kiswahili kilivyojaa hizi. DUKA LA, GONGO LA, DAWA, MAJI YA, KWA. LA, WA na YA tunaziandika kutwa nzima.

Wiki ya tatu nikashuka Buguruni. Kuna mzee anachora mabango kando ya Barabara ya Uhuru, kibanda cha mabati, kila siku nampita kwenye gari. Siku hiyo alikuwa anaandika DUKA LA DAWA kwenye bati kubwa jeupe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Unataka bango?"

Nikamweleza ni mwanafunzi, nataka kuangalia tu. Akanisogezea ndoo nikae. Kwanza nilidhani atatumia rula, akatoa uzi akaupaka chaki ya bluu, kijana wake akashika huku yeye kule, wakauvuta wakauachia, paa, mstari mmoja mnyoofu. Mwingine juu. Halafu akaanza kuchora kwa penseli, na alipofika LA nikamwona L yake ina mguu mfupi, mfupi kabisa kuliko L ya kawaida, na A ya mbele yake kaisogeza mpaka mguu wake karibu ukanyage wa mwenzie. Nikamuuliza mbona L umeikata.

"Nisipomkata mguu huyu, hapa katikati utapita na bodaboda."

Aisee. Kwenye programu tuna keningi, kule kurekebisha nafasi kati ya herufi na herufi, tumesoma slaidi kama 40 na mi sikuwa nimeielewa mpaka siku hiyo nimekalia ndoo. Akaniambia na jingine, kwamba herufi ya mviringo kama O lazima itoke kidogo nje ya mstari juu na chini, ukiiweka sawasawa na mstari macho yanaiona imesinyaa. Nilivyorudi nikaifungua Gill Sans nikakuza O mpaka ikajaa skrini, na kweli, imevuka mstari. Iko hivyo miaka yote na sikuwahi kuangalia.

Nikamwonyesha karatasi yangu ya Ilala, ile ya herufi ndogo. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Hizi L mbili za nini?" Nikamwambia ni I hiyo baba. Akacheka, akachukua penseli ya sikioni akaipa I vijiti viwili, juu na chini. "Mvalishe viatu. Kwa jina hili huwezi kumwacha peku."

Nikamweleza kwamba mwenye herufi hizi naye alianzia kwenye bango la duka, maana ndo historia yenyewe, mwaka 1926 Gill alichora kwa mkono maandishi ya juu ya duka la vitabu pale Bristol, Uingereza, na watu wa Monotype wakayapenda, ndo ikazaliwa fonti. Mzee akafurahi kweli, "Kumbe mwenzetu!" Sikumwambia yaliyobaki. Madam alishatuambia tulijue hilo pia, Gill alikuwa anawafanyia binti zake mambo machafu na aliyaandika mwenyewe kwenye shajara zake, yakaja kujulikana kwa watu miaka mingi baada ya kufa kwake. Darasani tulibishana siku nzima kama mtu uendelee kuitumia fonti yake. Mi mpaka leo nikiifungua nalikumbuka, sijui nifanyeje na hilo.

Bango nikalipanga upya. Katikati neno Ilala kubwa, limejaa upana wote, Gill Sans ilivyo bila kuguswa, halafu I peke yake nikaipaka nyekundu ili ujue kuna kitu. Chini ILALA mara mbili, moja ilivyotoka kwenye kompyuta, nyingine nimezisogeza A kama mzee alivyofanya. Pembeni Kigogo na miwani yake, Mwananyamala na vitumbo vyake. Mbweha nikamrudisha kwao.

Sasa jioni moja kabla ya kuwasilisha nikaenda kuprinti Kariakoo, duka silitaji, foleni mpaka nje. Nikampa kijana flashi, akafungua faili, akaprinti, akalikunja akanipa, mi huyoo. Nafungua kwenye gari, I ina viatu! Nikafikiri nimechanganyikiwa. Kumbe nilipeleka faili lenyewe la kazi, kompyuta yao haina Gill Sans, ikaweka tu fonti nyingine kimyakimya, ikatokea Verdana ya watu, na hoja yangu yote kwishney kwa sababu Verdana ndo ile isiyo na tatizo. Nikashuka, nikarudi kwa mguu, kijana kaniambia hilo ni faili lako dada, na kwa kweli alikuwa sahihi ingawa siku ile nilimwona mbaya. Nikabadilisha herufi zote kuwa michoro, nikasevu PDF, nikalipa tena. Nauli ya kesho yake nilikopa kwa mama mdogo. Wewe unayesoma hapa, kabla hujatoka na faili nyumbani geuza maandishi yawe michoro, usije ukasema hukuambiwa.

Kwenye kuwasilisha nilibandika yote mawili, lililokosewa na la kweli, bega kwa bega, nikawauliza wenzangu wasome. Hapo sikuhitaji kuongea sana. Madam akauliza basi Gill Sans inafaa kazi gani, nikamwambia kichwa cha habari, mwaliko, jalada, sehemu ambayo mtu ana muda na neno, ila kibao cha kituo cha daladala kwa herufi ndogo, hapana, labda uivalishe viatu. Akaandika kitu kwenye daftari lake hakusema. Yule wa Comic Sans ndo aliyetuziba midomo siku hiyo. Alieleza Vincent Connare wa Microsoft aliichora 1994 baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye programu anaongea kwa Times New Roman, halafu akatandaza daftari la mtoto wa chekechea akatuonyesha a ya mtoto na a ya Comic Sans, zote duara na kijiti. Alipata nyingi kuliko mimi, haki yake.

Lile lililokosewa nililitupa. La kweli nikampelekea mzee Buguruni na chapati mbili, akalitundika ndani ya kibanda juu ya makopo ya rangi. Juzi nimepita na daladala, foleni kama kawaida, nikachungulia. I imepakwa vijiti viwili vya rangi ya mafuta, juu na chini, nyekundu ileile kasoro kidogo.