Vya kubeba kutoka supamaketi ya Ufaransa, kwa hukumu ya mama yangu

Mara ya kwanza kutoka Nantes kwenda Tanga likizo, nilibeba zawadi za aibu: minara ya Eiffel ya bati, vikombe vyenye picha ya Paris (mji ambao hata siishi), na boksi la chokoleti la uwanja wa ndege kwa bei ya jozi ya viatu. Chokoleti iliyeyuka kabla basi halijafika Segera. Vikombe mama alivipokea kwa mikono miwili, akavipanga kabatini, na mpaka leo hakuna aliyevinywea chai. Tangu hapo maduka ya watalii nimeyahama. Siku mbili kabla ya safari naingia supamaketi ile ile ninayonunua vitunguu na sabuni, na sauti ya mama ya WhatsApp iko sikioni ikinisomea anachotaka.

Namba moja kwake ni vipakiti vya rangi ya waridi, na vimepata cheo hicho kwa ujinga wangu. Aliniagiza hamira. Nikaona kwenye rafu neno levure, nikajua ndiyo yenyewe, nikazoa vipakiti vya Alsa kama ishirini hivi. Usiku ule mama akakanda mahamri, akafunika kwa kanga, akalala. Alfajiri anafunua sufuria, donge limelala vile vile alivyoliacha. Kumbe levure chimique ni beking pauda. Hamira wanaiita levure boulangère. Mama hakusema neno, alinitazama tu, na mnaojua mama wa Kitanga akikutazama mtanielewa.

Aliyeniokoa ni mama mdogo, ambaye huoka keki za harusi pale Ngamiani. Alichukua kipakiti kimoja akajaribu. Kina gramu 11, kinatosha nusu kilo ya unga, kwa hiyo hakuna kupima kwa kijiko wala kubahatisha. Keki ikapanda hadi ikagusa karatasi ya juu. Sasa vipakiti hivyo vinahesabiwa kama noti na kufichwa kwenye droo ya nguo. Pembeni yake rafuni utakuta sukari ya vanila, nayo beba, ila soma vizuri: vanillé ina vanila ya kweli, vanilliné ni ladha ya kutengenezwa. Vanila yenyewe mara nyingi imetoka Madagaska au Komoro, majirani zetu kabisa. Inapanda meli mpaka Ulaya, inachanganywa na sukari, halafu mimi nairudisha Bahari ya Hindi kwa ndege. Nacheka kila nikiipakia.

Biskuti sasa. Hapa Nantes ndipo nyumbani kwa Petit Beurre ya LU, iliyobuniwa mwaka 1886. Kiwanda cha zamani siku hizi ni ukumbi wa sanaa, mnara wake bado upo, napita chini yake nikienda kazini. Kila biskuti ina meno 52 pembeni ukihesabu na zile pembe nne, na vitundu 24 juu. Watu wa huku watakwambia ni wiki za mwaka, majira manne, na saa za siku. Niliwasimulia wapwa zangu, wakakaa mkekani wakihesabu jino moja moja, na yule mdogo akanijia analia kwamba yake ina 51. Alikuwa ameshaing'ata. Kwa chai ya rangi ya jioni hazina mpinzani, mradi usizidishe kuchovya: hesabu moja, mbili, toa. Ya tatu inabaki kikombeni.

Siagi ya chumvi ya Bretagne, mkoa jirani na hapa, ile yenye punje zinazolia mdomoni, ndicho kitu kitamu kuliko vyote katika nchi hii, na ndicho nisichokushauri. Niliigandisha, nikaizungushia magazeti na kanga mbili. Nilipofungua begi Tanga, kanga zilikuwa zimepata mafuta ya kutosha kukaangia samaki. Beba palet badala yake, biskuti nene za Kibretoni ambazo siagi yote imo ndani na haiwezi kukimbia.

Halafu kuna chumvi. Najua, najua. Guérande haiko mbali na hapa, nimekwenda kuona wanavyoivuna: maji ya bahari yanaingizwa kwenye vijaruba vya udongo wa mfinyanzi, jua na upepo vinafanya kazi, na jioni mvunaji anapitisha ubao wake juu juu kuchukua utando mweupe kabla haujazama. Huo utando ndio fleur de sel. Nilimpelekea mama kikopo kimoja, nikamweleza habari yote hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho. “Mwanangu, umetoka Ulaya kuja kuniletea chumvi mimi, mtu wa pwani? Na daktari kasema nina presha?” Kikopo kikawekwa nyuma ya bati la majani ya chai. Wiki ya pili nikamfumania barazani na shoga yake wa nyumba ya tatu, sahani ya embe mbichi na pilipili katikati yao, wakichukua ile chumvi kwa ncha za vidole kidogo kidogo kama wanaonja ubani. Sikusema kitu. Naye alijifanya hajaniona.

Haradali ya Dijon nampelekea kaka kwa ajili ya mishkaki, na nampelekea mama kwa ajili ya chupa. Kuna zinazouzwa ndani ya glasi kamili yenye kifuniko cha plastiki. Haradali ikiisha unaosha, una glasi ya juisi. Wafaransa wenyewe wamekulia kwenye glasi hizo, na nyumbani kwetu sasa ziko kumi na moja, maji ya ukwaju yananywewa humo. Kwa anayejali, soma nyuma, maana nyingine zimetiwa mvinyo mweupe. Mwaka 2022 nilikwenda mikono mitupu. Rafu zilikuwa tupu, na pale ilipopatikana walibandika tangazo kila mteja chupa moja. Ndipo nikajua kwamba mbegu nyingi za haradali ya Dijon hulimwa Kanada, na Kanada ilikuwa imepigwa na ukame mwaka uliotangulia. Kaka hakuniamini. Alidhani nimesahau nikatunga hadithi.

Kusoma nyuma kunahusu na pipi. Nyingi za kutafuna zina gélatine de porc, yaani nguruwe. Saindoux ni mafuta yake. Rhum (ramu) na kirsch (pombe ya cheri) hujificha kwenye keki, hata keki maarufu ya hapa Nantes ina ramu, hivyo mimi naitazama tu dirishani. Nougat ya Montélimar, ya asali na lozi, inakubalika na kila mtu asiye na meno ya bandia.

Kitu wasichokijua wengi ni crème de marrons ya Clément Faugier, kutoka Ardèche, inatengenezwa tangu 1885. Marron ni kokwa ya miti ya nchi za baridi. Ikipondwa na sukari na vanila inakuwa kama kiazi kitamu kilichosomea nje. Paka kwenye chapati za maji, unishukuru baadaye. Lakini nunua ile ya tyubu ya gramu 78. Mimi nilitia kopo kubwa kwenye begi la mkononi, na mkaguzi akaniambia hicho ni kimiminika, mwisho mililita 100. Nikamgeuzia kopo juu chini kumwonyesha halitiririki. Likaenda pipani. Jamu, haradali, asali, vyote hesabu yake ni hiyo hiyo: begi la chini.

Chizi? Comté, kwa sababu ni ngumu na inavumilia safari, waombe wakufungie kwa kunyonya hewa. Mama anasema inanuka viatu vya mgeni. Wapwa wanaimaliza.

Na sadini za kopo. Mjomba wangu ni mvuvi wa Sahare, nilipomkabidhi kopo la sadini za Bretagne alicheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza: huku kuna makopo yanayoandikwa mwaka wa samaki, watu wanayahifadhi kabatini miaka, wanayageuza kila baada ya miezi michache ili mafuta yapenye kote, na wanasema kadiri yanavyokaa ndivyo samaki anavyolainika. Akaacha kucheka. Akalishika kopo, akalitikisa sikioni.

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Kila nikipiga simu namuuliza kama ameshalifungua. Bado, anasema, juzi tu kaligeuza.