Maili ya pili, Likoni feri

Jamani leo nimeona Mathayo 5:41 ikitembea kwa miguu.

Asubuhi tumeshuka feri upande wa mjini, mimi na kaka mmoja wa kanisani, yeye ni asha, yaani mkaribishaji wa watu kanisani, na leo ni zamu yake, kwa hivyo shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa. Pale kwenye kale kamlima kuna hamali na mkokoteni wa makaa, umemshinda. Wala hakuomba, alipiga kelele tu, "We kijana, sukuma huko nyuma!"

Kaka akasukuma.

Sasa ile aya inasema mtu akikulazimisha maili moja nenda naye mbili, na kumbuka enzi hizo askari wa Kirumi alikuwa anaweza kukukamata tu njiani ukambebea mzigo, kama walivyomkamata Simoni Mkirene abebe msalaba. Hakuna aliyeipenda hiyo kazi!

Tulipofika juu nikajua yameisha. Yule hamali mwenyewe akamwambia basi, asante. Kaka akaendelea kusukuma mpaka stejini, wanapiga stori za mpira.

Bega la kulia lote jeusi. Na hivyo hivyo akasimama mlangoni kukaribisha watu, mama mmoja akamtazama lile bega weee, akampa mkono kwa vidole viwili 😂

Mimi nilikuwa nimebeba Biblia za wote wawili, msinianze.

Haya semeni, nani alishawahi kuwasukumia maili ya pili?