Maharagwe ya Mbuyuni yalivyonifundisha takwimu

Nilipoanza uzamili hapa Moshi, kila niliyemuuliza sampuli yangu, yaani watu wa kuwapima, iwe ya wangapi alinijibu: "Andika 384, sista, kila mtu anaandika hiyo. Data ukipata, mpe kijana wa stesheneri akuchakatie." Nikaandika. Siku ya kutetea pendekezo la utafiti, mwalimu akauliza swali moja: "Hii 384 imetoka wapi?" Sikuwa na jibu. Nikarudishwa.

Hasira haijaniisha, maana jibu lenyewe ni mstari mmoja: 1.96 mara 1.96, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Inakuja 384.16. Ni hesabu ya kukadiria asilimia moja (ile 0.5 ni kudhani ni nusu kwa nusu), kwa uhakika wa 95% (ndiyo 1.96), ukiruhusu kukosea 5% juu au chini (ndiyo 0.05). Mimi nilikuwa nalinganisha makundi mawili ya wagonjwa wa kisukari: wanaokumbushwa kliniki kwa meseji na wasiokumbushwa. Namba ile haikunihusu kabisa!

Vitabu vilinishinda, nikaenda soko la Mbuyuni nikanunua maharagwe mekundu na ya njano. Usiku nikahesabu mekundu 700 na njano 300, nikayachanganya kwenye ndoo. Mwanangu akafumba macho, akachota 20, tukayamwaga kwenye ungo. Njano 4. Tukarudisha, tukakoroga: 9. Kisha 6, kisha 7. "Mama, mbona yanabadilika na ndoo ni ileile?" Hapo ndipo takwimu iliponiingia. Ile 9 kati ya 20 ni 45%, lakini mipaka yake ya uhakika wa 95% inaanzia kama 23% hadi 67%, na 30% yangu ya kweli imo humo. Tulipochota 100 tukapata 28, 33, 31. Ukichota mengi, jibu linatulia. Tulilala saa saba usiku.

Programu ya kuchakata data usinunue, ile iitwayo R ni bure. Ila anza na mikono.

Rejista ya kliniki ilinipa makadirio: wanaokosa miadi 45%. Nikataka kuona kama meseji zitawashusha hadi 30%. Kwa nguvu ya utafiti ya 80%, yaani uwezekano wa kuiona tofauti hiyo kama kweli ipo, ikaja watu 160 kila kundi. Nikafikisha 178 kwa kuhofia watakaopotea njiani.

Mwalimu yuleyule akauliza: "Na hii 178?" Nikaomba chaki.