Siku Moja Maishani Mwangu: Katika Chumba cha Vyura wa Kihansi

Saa 11:40 alfajiri

Kabla ya jambo lolote ninavua viatu. Mlangoni mwa chumba cha vyura kuna beseni la dawa ya kuua vijidudu na jozi za buti za mpira ambazo hazijawahi kukanyaga nje, na hakuna anayeruhusiwa kuingia bila kuzivaa, hata awe mkuu wa kituo hiki cha kufugia vyura, hapa Dar es Salaam. Tunayemwogopa ni fangasi aitwaye kitridi, ambaye hushambulia ngozi ya vyura. Kwa chura, ngozi ndiyo njia ya kunywea maji na kusawazisha chumvi za mwili. Ikiharibika, moyo husimama. Fangasi huyu amewaangamiza vyura katika mabara kadhaa, na unyayo mmoja wenye tope unatosha kumsafirisha.

Saa 12:00 asubuhi

Mashine ya manyunyu inawaka, nami nasikiliza kwanza, kisha ndipo natazama. Mlio wa pampu ukiwa wa kukwaruza najua kuna bomba lililoziba. Leo unasikika vizuri, na matone madogo kama vumbi yanaanza kutua juu ya makangaga ndani ya matangi ya kioo. Vyura wanatoka mmoja mmoja chini ya majani, wa rangi ya manjano iliyoiva, wakubwa wao wasiofikia hata sentimita 3. Jina lao la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu, na waliolichagua walitazama vema, kwa sababu mnyama huyu hakuwahi kuishi mahali pengine popote duniani isipokuwa kando ya maporomoko ya Mto Kihansi, kusini mwa Milima ya Udzungwa, katika eneo la takriban hekta 2 tu lililokuwa likiloweshwa usiku na mchana na maji yaliyopasukia kwenye miamba.

Saa 1:30 asubuhi

Kuhesabu. Kazi hii haina njia ya mkato: tangi kwa tangi, jani kwa jani, glavu zikibadilishwa kila ninapohama. Mwenzangu mdogo, aliyeanza kazi mwezi uliopita, anaandika huku nikimsomea namba.

"Dada, kwa nini tusikadirie tu?" ananiuliza tukiwa tangi la nne.

Namweleza kwamba ukoo wote ulio mbele yake ulipita kwenye tundu la sindano. Wanasayansi walimgundua chura huyu mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ulikuwa umekwisha kuanza. Mradi ulipokamilika, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yaliingizwa kwenye mitambo, na korongo likaanza kukauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani za wanyama. Huko nako walikufa kwa wingi, kwa kuwa hakuna aliyejua wanahitaji mwanga wa namna gani wala chakula gani, hadi wakabaki chini ya 100. Korongoni kuliwekwa vinyunyizio vya kuiga maporomoko, na vyura wakaongezeka tena. Katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kuwa takriban 20,000. Miezi michache baadaye wakaporomoka ghafla, na fangasi wa kitridi akapatikana miongoni mwao. Januari 2004 watafiti waliwaona watatu. Mwaka 2009 spishi ikatangazwa kuwa imetoweka porini.

Hajaniuliza tena habari ya kukadiria.

Saa 3:00 asubuhi

Chakula. Nzi wadogo wa matunda, tunaowafuga wenyewe kwenye chupa, wanatikiswa ndani ya unga wa kalsiamu na vitamini kisha wanamwagwa matangini.

Saa 4:30 asubuhi

Katika tangi la tisa naona kitu cheusi kando ya mguu wa jike, nikidhani ni kinyesi. Kinasogea. Nainama hadi pumzi yangu inatia ukungu kwenye kioo, nakuta kingine juu ya jani, na kingine ukutani. Nimehesabu saba. Vyura wengi hutaga mayai majini, yakaanguliwa viluwiluwi, lakini jike wa Kihansi hubeba watoto tumboni hadi wakamilike, akawazaa wakiwa vyura kamili wenye miguu minne, kila mmoja wa kutosha kukaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Sababu yake nadhani inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama kando ya maporomoko: kwenye mteremko unaopigwa na upepo na maji daima, hakuna dimbwi tulivu la kutagia. Mwili wa mama ndio uliogeuka dimbwi. Nimefanya kazi hii kwa miaka sita, na bado nikiwaona watoto hawa huwa nakaa kimya kwa muda. Leo pia nimekaa. Kisha nimewahamishia tangi dogo, kwa kijiko chenye maji, mmoja baada ya mwingine.

Saa 7:20 mchana

Wanafunzi wa chuo wamekuja, kumi na wawili, wakiwatazama vyura kupitia dirisha la kioo. Kijana mmoja anasalimia, "Shikamoo, mama," kisha anauliza bila kuzunguka: taifa lilihitaji umeme, sasa kuna kosa gani kujenga bwawa?

Nimemjibu kama ninavyoamini. Mitambo ya Kihansi ina uwezo wa megawati 180, na kuna watoto waliozaliwa salama usiku kwa sababu taa ya wodi ilikuwa inawaka; siwezi kuyadharau hayo. Kinachoniuma ni kwamba tulichunguza kina cha maji, ugumu wa miamba na urefu wa mteremko, tukapima kila kitu kinachohusu mashine, na viumbe wa korongoni wakatazamwa kwa makini baada ya uamuzi kupita. Hiyo ni milima ambayo kwale wa Udzungwa alijulikana kwa sayansi mwaka 1991 tu. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba spishi milioni 1 zimo hatarini kutoweka, na kwa nchi kavu sababu ya kwanza iliyotajwa ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Wengi wa hao hawataangamizwa na mtu mwenye bunduki. Wataangamizwa na ramani iliyochorwa mezani, mahali palipoandikwa "eneo tupu".

Saa 8:45 mchana

Umeme umekatika. Pampu imenyamaza katikati ya mzunguko na jenereta imegoma kuwaka. Mimi na mwenzangu mdogo tumechukua chupa za kunyunyizia kwa mkono, yeye akianzia kulia nami kushoto, tukapita matangi yote na kurudia, dakika arobaini na tano, vidole vikifa ganzi. Katika kunyunyiza nimefikiria jambo ambalo hunijia kila umeme unapokatika: nguvu inayoendesha pampu hii hutoka kwenye gridi ya Taifa, na Kihansi ni miongoni mwa vyanzo vyake. Maji yaliyoondolewa kwa chura yanarudi kwake hapa Dar es Salaam kupitia waya, yakiwa pungufu sana kuliko yalivyokuwa.

Saa 10:30 alasiri

Naandika kumbukumbu za siku: vifo viwili, kuzaliwa saba, joto, unyevu, muda wa kukatika umeme. Vyura 100 walirudishwa nchini kutoka Marekani mwaka 2010, na mwaka 2012 wengine wapatao 2,000 wakaachiwa korongoni, chini ya vinyunyizio. Kwa hiyo hata huko nyumbani kwao wanategemea mabomba, na mabomba yanamtegemea mtu wa kuyazibua. Tangi linahifadhi chura. Kurudisha maporomoko ni kazi nyingine, na sitaki mgeni yeyote aondoke kituoni akidhani ni kazi moja.

Saa 12:30 jioni

Fundi ametengeneza jenereta. Namkabidhi mwenzangu wa zamu ya usiku funguo na daftari, namwonyesha tangi dogo, na kumsihi awahesabu watoto saa 4:00 na saa 10:00, kwa tochi yenye mwanga hafifu. Ananisomea namba ili nihakikishe ameielewa: saba. Navua buti, naziacha ndani ya mlango.