Kumbe Mama alikuwa anahesabu

Tumerudi sasa hivi kutoka kliniki ya moyo na Baba.

Presha yake imegoma kushuka mwaka wa pili huu, dawa aina tatu, na anazimeza bila kukosa. Mimi nilikuwa namlaumu kwa chumvi.

Wiki iliyopita alilala na kidude kidoleni na mkanda kifuani, vya kupima pumzi usingizini. Leo majibu: pumzi inakatika mara 38 kwa saa. Kuanzia 30 ni hali kali.

Daktari akaeleza kwamba usingizini koo linajifunga, oksijeni inashuka, mwili unashtuka na kumwaga adrenalini, presha inapanda. Usiku kucha. Moyo haupumziki, na baadaye mapigo yanaweza kuvurugika, hata kiharusi kikaja.

Kisha akamgeukia Mama: "Mama, umewahi kuona akinyamaza ghafla katikati ya kukoroma?"

Mama akajibu taratibu, "Huwa nahesabu. Nikifika ishirini hajavuta pumzi, namsukuma."

Miaka yote hiyo mkono wake ulikuwa mgongoni kwa Baba. Sisi chumba cha pili tunacheka, "trekta la mzee limewaka."

Baba kainama tu, kamshika mkono. Sijawahi kumwona akifanya hivyo mbele za watu.

Ameandikiwa mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa usiku.

Nani humu ana mzazi anayeitumia? Aliizoea vipi? Niambieni, usiku ndio huu unaingia.