Nilivyotengeneza eriali ya TV kwa waya wa shaba, na namna ya kuikinga na chumvi ya bahari

Tangu analogi izimwe nchini Kenya mwaka 2015, stesheni za bure zinakuja kwa mfumo wa dijitali wa DVB-T2 katika masafa ya UHF, megahezi 470 hadi 694, yaani chaneli ya 21 mpaka ya 48. Vipimo vyote vya eriali vinatoka hapo. Katikati ya masafa hayo ni 582. Gawanya 300 kwa 582 upate urefu wa wimbi, mita 0.515; robo yake ni sentimita 12.9. Nilichukua 13. Hicho ndicho kipimo cha upande mmoja, na eriali yenyewe ni miraba miwili ya waya iliyokutana kwa pembe, mfano wa tarakimu 8 yenye kona.

Nilitumia waya wa nyumba wa shaba wa milimita za mraba 4, ule wa uzi mmoja mnene, si wa nyuzi nyingi. Wa 2.5 unapokea vizuri pia, lakini kunguru wakiuzoea kuutulia hupinda. Kata sentimita 106: 104 za pande nane, mbili za kuungia. Menya plastiki yote, usugue kwa msasa, weka alama kila sentimita 13, kisha kunja kwa plaisi kila kona iwe mraba kamili. Anza katikati upande wa kushoto, zunguka mraba wa juu, shuka hadi katikati upande wa kulia, zunguka wa chini, urudi ulipoanzia. Pale katikati pande mbili zisigusane. Acha nafasi ya sentimita moja na nusu. Ikisimama ina urefu wa sentimita 37 hivi.

Nyuma yake kuna wavu. Wavu wa kuku wenye matundu ya inchi moja au chini ya hapo unatosha, kwa sababu matundu ni madogo sana mbele ya wimbi la nusu mita. Nilikata 50 kwa 35 nikaugongomelea kwenye fremu ya mbao. Umbali kati ya waya na wavu ni sentimita 8. Nilijaribu 5 na ubora wa ishara ukashuka. Vishikizo ni vipande vya bomba la plastiki la mafundi wa umeme, la milimita 20, kimoja juu na kimoja chini. Usitumie misumari mirefu kushikia shaba.

Sasa kebo, na hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Chukua RG6 ya ohmu 75. Kebo nyembamba ya bei ya chini hupoteza zaidi, ilhali RG6 hupoteza takriban desibeli 2 tu kwa mita 10. Shida ni kwamba nyingi ya zile za madukani wavu wake wa ndani ni wa aluminiamu, na solda haishiki kwenye aluminiamu. Utachoma mpaka plastiki iyeyuke na bado itateleza kama maji juu ya mafuta. Dawa yake ni konekta ndogo ya shaba nyeupe yenye skrubu, ile fundi wa umeme anaungia taa. Roho ya kebo, yaani waya wake wa ndani kabisa, iingie upande mmoja wa katikati, wavu usokotwe uingie upande wa pili, na vichwa vya waya ulivyovikata vikutane ndani ya konekta hiyohiyo. Kebo ipite katikati ya wavu wa nyuma, itoke moja kwa moja nyuma, isilale juu ya miraba.

Ukipima kwa mita ya fundi wa umeme, roho na wavu wa kebo zitalia kana kwamba zimegusana. Si kosa. Waya ni mduara mmoja mzima, kwa hiyo umeme wa moja kwa moja unapita. Lakini kwa sababu hiyohiyo, ingia kwenye menyu ya king'amuzi uzime umeme wa eriali, ule wa volti 5. Ukiacha umewaka, king'amuzi kinaona shoti, kitaonyesha onyo au kikatae kutafuta stesheni, na mtu atarudi dukani kununua kebo nyingine bure.

Kabla ya kuipandisha, tazama eriali za majirani. Zinakuonyesha mambo mawili: upande wa mnara, na mlalo wa mawimbi. Vijiti vyao vikiwa vimelala, yako isimame wima kama 8. Vikiwa vimesimama, yako ilale. Ukikosea hapo utapoteza ishara nyingi hata kama vipimo ni sahihi.

Nguzo yangu ni boriti, inayopatikana kirahisi hapa Kisauni, Mombasa, na haigombani na eriali. Juu ya mabati inua angalau mita moja, maana mabati yanarudisha mawimbi na kuyachanganya. Chini ya makuti eriali hupokea vizuri, mpaka mvua iyaloweshe. Kaa mbali kabisa na nyaya za stima wakati wa kusimamisha nguzo, na radi ikianza chomoa kebo kwenye TV.

Kuelekeza, usitafute stesheni zote kila unapogeuza. Chagua chaneli moja kwa mkono, fungua ukurasa wa ishara, na mtu mmoja akusomee ubora huku wewe ukigeuza kidogokidogo. Ubora ndio wa kufuata, si nguvu. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, mara nyingi ni mawimbi yanayorudi kutoka ghorofa au bati. Sogeza eriali mita moja au mbili pembeni kabla ya kufikiria kuipandisha zaidi. Hivyo hivyo kwa minazi: upepo wa kusi ukianza, makuti yakiyumba mbele ya eriali picha inaganda na kurudi. Dijitali haina chenga za kukuonya. Inaonyesha safi mpaka ishara ifike ukingoni, halafu inakatika.

Busta, kifaa cha kukuza ishara, sikuitumia. Kebo ikiwa fupi, chini ya mita 15, mara nyingi busta haina faida, na ikiwekwa karibu na TV inakuza pia kelele zilizoingia njiani. Busta za masafa mapana hukuza hata ishara za 4G za megahezi 800, zikaizidi nguvu.

Chumvi sasa. Hewa ya huku inakula kiungo cha shaba na aluminiamu haraka. Aluminiamu inageuka unga mweupe na ishara inadhoofika wiki hadi wiki. Funika konekta yote kwa silikoni, lakini nusa kwanza: ile yenye harufu ya siki ina asidi inayokula shaba, itaacha ukijani ndani ya miezi michache. Tafuta isiyonuka hivyo. Paka waya wote vanishi tabaka mbili, isipokuwa pale penye skrubu. Kabla kebo haijaingia dirishani, ishushe chini ya tundu kisha uipandishe, ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Baada ya mvua za masika mimi hukata silikoni nikaangalia. Wavu wa kebo ukiwa na unga mweupe au weusi, nakata sentimita 10 mpaka nikute unaong'aa, naunga upya na kuziba. Ndiyo maana niliacha nusu mita ya kebo ya ziada, imeviringishwa na kufungwa kwenye boriti, nyuma ya eriali.